Picha za Kumalizia Mkanda

Kidole gumba changu cha kulia bado hakijastaafu. Mimi mwenyewe nimeacha kazi, studio nimeifunga, na ile meza niliyokuwa nikikatia picha sasa mke wangu anakatia mchicha. Lakini kila nikibonyeza kamera, hata hii ya dijitali aliyoninunulia binti yangu, kidole gumba kinakwenda pembeni kutafuta kile kimkono cha kusogezea mkanda. Hakipo. Kinapapasa, kinaona haya, kinarudi. Wajukuu hunicheka sana. Nanyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii mnicheke tu, sina neno, ila mkimaliza kucheka mnipe masikio kidogo.

Jina langu Damiani. Wazazi wangu walitoka bara, baba akiwa mwalimu wa shule ya misheni, kwa hiyo Bagamoyo nilizaliwa mgeni nikakua mwenyeji. Ufundi wa picha sikuupata shuleni. Nilifunzwa na Mzee Shomari, mtu wa hapa hapa, mwenye studio ya mlango mmoja na maneno machache. Mungu amrehemu, maana kila nilichokula katika maisha yangu kilipitia mikononi mwake.

Mzee Shomari hakunipa mkanda. Alinipa kamera tupu. Nikazunguka nayo mjini, sokoni, pwani kwenye mnada wa samaki, nabonyeza kamera isiyo na kitu ndani, watu wananipangia pozi na mimi najitia fundi. Jioni nikirudi ananiuliza, "Leo umepiga nini?" Nami nimweleze kila picha: nani alisimama wapi, jua lilitoka upande gani, mikono yake aliiweka wapi. Siku ya kwanza nilimwambia kwa majivuno kwamba nimepiga nyingi hata sikumbuki. Akanitazama vile anavyotazamwa mtu aliyekuja msibani na ngoma. "Umebonyeza nyingi," akasema. "Kupiga hujapiga hata moja."

Nilikasirika wakati ule. Leo ningekuwa na uwezo ningewanunulia nyote kamera tupu.

Mkanda wa kawaida ulikuwa na picha thelathini na sita, na ukishaubana ndani hukuwa na ruhusa ya kuchungulia. Ulijua ulichopata siku unasafisha, ndani ya chumba cha giza, huku pua inawaka kwa dawa. Kwa hiyo tulikuwa na adabu zetu. Kwanza ukisogeza mkanda unatazama kile kitufe cha kurudishia, kule kushoto. Kisipozunguka, ujue mkanda haujashika meno, unapiga hewa. Mzee Shomari mwenyewe, fundi wa mafundi, aliwahi kupiga hewa komunyo ya kwanza nzima. Watoto wameshonewa nguo nyeupe, wazazi wametoka mashambani, yeye anabonyeza tu. Alipogundua hakujificha. Alikwenda kwa wazazi akawaambia ukweli, akamwangukia na padri, na Jumapili iliyofuata watoto wakavalishwa tena wakapangwa upya kana kwamba ndiyo siku yenyewe. Mmoja alikuwa amekwisha kung'oka jino. Mpaka leo ukiiona picha ile utadhani yule mtoto alimtafuna Shetani.

Adabu ya pili ilikuwa kungoja. Mtu akikaa mbele ya kamera, mara ya kwanza anakupa uso wa kitambulisho. Uache upite, usibonyeze. Mzungumzishe, jifanye lenzi ina vumbi, futa hata kama ni safi. Atachoka kujishika, mabega yatashuka, hapo ndipo mwenyewe anapokuja. Na mtazame mikono kabla ya uso, kwa sababu watu wamejifunza kudanganya kwa uso lakini mikono haijasoma.

Basi mikanda ikaanza kuadimika madukani, na mimi nikaingia dijitali shingo upande. Kazi yangu ya kwanza nayo ilikuwa harusi, Makurunge. Jamani! Nilikuwa kama ng'ombe aliyekatikiwa kamba kwenye shamba la mahindi. Nabonyeza bibi harusi, nabonyeza sufuria, nabonyeza mbuzi. Na kila nikibonyeza nainamisha kichwa kutazama kioo cha nyuma. Nilipokuwa nimeinama hivyo, baba wa bibi harusi, mtu mkavu asiyejulikana kutoa chozi, alijifuta macho kwa ncha ya kanzu. Watu wote walimwona isipokuwa mtu aliyelipwa kumwona. Nikasikia mnong'ono, nikainua kichwa, nikarudi nyuma haraka kutafuta nafasi, mguu ukaingia kwenye sinia la pilau. Hilo ndilo tukio linalokumbukwa katika harusi ile, na bahati mbaya hakuna aliyelipiga picha.

Ugonjwa ule nimeupa jina: kuchungulia. Mnao nyote. Unapiga, unachungulia, na wakati unachungulia harusi inaendelea bila wewe. Dawa yake ni kipande cha plasta. Bandika juu ya kioo cha nyuma mpaka shughuli iishe. Nilifanya hivyo mwaka mzima kama mtu anayeacha sigara.

Ugonjwa wa pili ni kufuta. Zamani ukipiga umepiga. Siku hizi akina mama wanakuzunguka kabla hujashusha kamera. "Hebu nione! Mh, futa hiyo, nimetoka shingo fupi." Unafuta. "Na mimi futa, nimefumba jicho." Unafuta. Mwisho wa sherehe umebaki na picha za watu ambao si wao. Kwa hiyo nilijiwekea sharti kwamba hakuna kinachofutwa mpaka nimelala nacho siku kadhaa.

Lakini msije mkanihesabu katika wazee wa kulalamika. Dijitali imenitendea wema ambao sitausahau. Macho yangu yalianza kufifia mapema, na kamera ya zamani ilitaka uzungushe lenzi mwenyewe mpaka uso ukae sawa. Bila hizi kamera zinazojitafutia zenyewe ningekuwa nimekaa barazani miaka mingi kabla ya wakati. Mikono yangu ilipona vidonda vya dawa. Niliacha kuwaambia watu "msicheke, msipumue," maneno niliyoyasema ujana wangu wote kwa kuogopa kuharibu picha, nikagundua uzeeni kwamba watu wa vijiji vyetu wana vicheko vizuri kuliko nyuso zao za kitambulisho. Nashukuru kwa yote mawili, la zamani na jipya. Mkanda ulinifundisha kuona, dijitali ikaniongezea muda wa kuona.

Kitu kimoja tu kimepotea ambacho nakililia, nacho ni picha za kumalizia mkanda.

Niwaeleze. Kazi ilikuwa haiishi sawasawa na mkanda. Umepiga harusi, zimebaki picha nane, na hakuna mwenye haja nazo. Kuusafisha mkanda nusu ni hasara, kwa hiyo unazipiga hizo zilizobaki huku na huku: jirani anayesuka ukili, fundi cherehani, kuku. Hakuna aliyeagiza, hakuna anayejipanga. Ndizo picha nilizopiga bila woga, na nikipekua makasha yangu leo, ndizo zinazonipa raha kuliko za shughuli zote. Kadi ya dijitali haina mwisho, basi hakuna cha kumalizia.

Na iliyo kubwa kuliko zote niliipiga Lugoba, kwa ajili ya mtu wa Mkange.

Nilikuwa nimeitwa Mkange kumpiga picha ya pasipoti mama mmoja, Bi Mwantumu, aliyekuwa anakwenda hija. Wanawe walijikusanya wakampa safari, na kiongozi wa msafara alikuwa anazitaka picha upesi. Mkanda wangu ulikuwa na kazi ya watu wengine, umebaki kama theluthi. Nikampiga, nikamwambia asiwe na wasiwasi, nikifika nyumbani nitaukata mkanda gizani nisafishe kipande chake, kilichobaki kitaharibika basi.

"Kiharibike kwa sababu yangu?" akasema. "Mwanangu, mimi kesho nazunguka kuomba radhi. Twende wote, tuumalize."

Kwa desturi ya watu wake, anayekwenda hija huaga kama asiyerudi. Hupita nyumba kwa nyumba: nikiwa nimekukosea niwie radhi, nikirudi nikirudi. Mtu hapendi kusimama mbele ya Nyumba ya Mungu huku nyuma ameacha moyo wa mtu umefungwa. Basi kesho yake nikamfuata. Kila nyumba aliomba radhi, akasamehewa, nami nikapiga moja: yeye na jirani, yeye na mkwe, yeye na mzee aliyewahi kugombana naye juu ya mikorosho, ambaye alisamehe lakini akataka ionekane pichani kwamba mkorosho ni wake. Nilipokaribia mwisho aliniuliza zimebaki ngapi. Nikamwambia mbili.

"Bakisha moja," akasema. "Usiipige mpaka nikwambie."

Ile moja ilikuwa ya mdogo wake. Bi Asha alikuwa ameolewa Lugoba, na kwa miaka mingi hakuwa ameweka mguu Mkange wala kumpa dada yake shikamoo. Mama yao alipofariki, Asha alizikiwa mama bila yeye kuwepo. Habari zilimfika zimechelewa, njia ilikuwa tope, na alipoingia uani wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini wakinawa mikono. Uso wa mama yake hakuuona. Tangu siku hiyo alimwambia dada yake neno moja tu, "Ungeningoja," akanyamaza.

Lugoba ilikuwa haiko mbali na njia yangu ya kurudi. Tulipanda lori la mkaa, Bi Mwantumu mbele na dereva, mimi juu na kamera yangu tumboni kama mama mjamzito. Njiani aliteremka kununua ndizi za kupeleka, akazirudisha, akazinunua tena. Hapo nilijua anaogopa. Asha akikataa, mama huyu ataivaa ihramu akiwa na jiwe kifuani.

Tulimkuta Bi Asha kibarazani anapepeta kunde kwenye ungo. Hakuinuka.

"Karibu, mgeni," akaniambia mimi. Dada yake hakumwambia kitu.

Bi Mwantumu alikaa chini kwenye ardhi, si kwenye mkeka. "Asha, naenda Makka. Nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini?"

"Unaijua."

"Naijua. Nataka uiseme."

Kunde zikaendelea kuruka kwenye ungo. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi sikuwa na jembe, nikachukua kitambaa nikaanza kufuta lenzi.

"Ya mama," akasema Bi Mwantumu. "Walisema jua linakwenda, tumsitiri. Ningeweza kuwaambia wangoje. Mimi ndiye mkubwa, wangenisikia. Sikusema. Nilikuwa nimechoka kulia, Asha, nikataka yaishe."

Ungo ukasimama. Nikadhani tutafukuzwa. Kisha Bi Asha akauliza kwa sauti ndogo sana, "Uso wake ulikuwaje?"

Dada yake akamweleza. Paji la uso lilikuwa limelainika, ile mikunjo ya maumivu imeondoka. Mdomo ulibaki wazi kidogo upande mmoja, kama mtu anayetaka kuitika. Waliufunga kwa kitambaa, lakini kabla hawajaufunga ulikuwa hivyo. Bi Asha alisikiliza huku machozi yanaanguka kwenye kunde.

"Nimekuwia radhi," akasema. "Nenda, urudi salama."

Nami nililia, siwafichi. Bi Mwantumu akajipangusa, akanigeukia. "Haya, mwanangu. Ile moja."

Nikawaweka wote wawili kwenye mkeka, jua la pembeni, ukuta wa udongo nyuma. Nikapima mwanga, nikapima tena. Nikawaambia maneno yangu yale: tazameni hapa, msicheke, msipumue. Nyuso zikakaa vizuri kabisa. Kidole kikaanza kushuka. Na papo hapo Bi Asha, bila kuondoa macho kwenye kamera, akasema, "Shikamoo dada."

Bi Mwantumu akamgeukia. Mdomo ukafunguka kuitika. Kamera ikalia.

Nikavuta kimkono, kikagoma. Mkanda umekwisha.

"Imeharibika," nikawaambia, na nilikuwa karibu kutukana. "Mama mkubwa amegeuka. Na sina nyingine."

"Marahaba," Bi Mwantumu alikuwa anamwambia mdogo wake, "marahaba, marahaba," na hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari na mimi.

Picha ya pasipoti ilitoka vizuri, ikawahi. Ile ya mwisho nilitaka kuiacha isisafishwe kwenye karatasi, kwa aibu ya ufundi. Nikaisafisha kwa heshima tu, nikampelekea Bi Asha. Bi Mwantumu alikwenda, akarudi na tasbihi na maji ya zamzam, akaitwa Hajati, akaishi miaka mingi akitembelewa na mdogo wake kila mavuno. Na alipofariki, walimngoja Asha.

Sasa nifike kwenye mambo ya juzi. Salma, mjukuu wa Bi Asha, ana duka la kuchapa picha na kutoa kopi hapa mjini. Alinijia nyumbani na bahasha. "Shikamoo, babu Damiani." Ndani mlikuwa na ile picha, au kile mchwa walichobakisha. Bibi anaitaka tena, akaniambia, anasema hataki kufa haijakaa ukutani.

Negativu ninazo zote, ndani ya makopo ya biskuti, kila kopo na kifuko cha mchele wa kunyonya unyevu, maana chumvi ya Bagamoyo haimwogopi mtu. Kwa njia ya zamani ningehitaji chumba cha giza na dawa ambazo haziuzwi tena. Safari hii nililaza negativu juu ya simu ya Salma, kioo kimewashwa cheupe, nikaipiga kwa kamera ya dijitali. Salma akaiingiza kwenye kompyuta, akageuza weusi kuwa weupe, na mabinti wawili wa mama mmoja wakatokea kwenye mkeka wao. Nilimshukuru Mungu kwa mkanda, kisha nikamshukuru tena kwa kompyuta.

"Babu," akasema Salma, "mbona huyu bibi mkubwa kageuka? Mdomo wazi. Naweza kumnyoosha, programu inafanya yenyewe."

Na kweli, nikiwa bado natafuta miwani, akamnyoosha. Bi Mwantumu akanitazama, mdomo umefungwa, jinsi nilivyomtaka siku ile. Nawaambia ukweli, nilifurahi. Nikaona lile deni langu la ufundi limelipwa.

Tukaenda Lugoba. Bi Asha sasa ni mtu mzima sana, macho yake hafifu kama yangu, kwa hiyo Salma alimwekea kompyuta mapajani na kuikuza picha ile iliyonyooshwa mpaka ikajaa kioo kizima. Akaitazama muda mrefu.

"Huyu nani?"

"Bibi Mwantumu, bibi. Babu na mimi tumeitengeneza."

"Iko wapi yangu?"

Salma akamfungulia ya asili. Bi Asha akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akaweka kidole kwenye ule mdomo uliofunguka kidogo upande mmoja.

"Huyu hapa mama."

Salma akanitazama kwa hofu. "Bibi, huyo ni dada yako."

"Najua ni dada yangu, sijachanganyikiwa." Kidole hakikuondoka. "Damiani, siku ile nilimuuliza uso wa mama ulikuwaje, akanieleza. Maneno nikayasikia, uso sikuuona. Ulipokuja kuniletea picha, nikauona. Umo humu. Paji lake, na mdomo huu unaotaka kuitika. Wewe ukasema imeharibika."

Nikavua miwani, nikaifuta.

"Mkimgeuza huyu," akasema, "mtakuwa mmemzika tena, na mimi sipo."

Salma akaivuta kompyuta taratibu na kuifuta ile tuliyoinyoosha. Kile kitufe cha kufuta nilichokisema vibaya miaka yote, siku hiyo nilikibariki. Kisha akamrudishia bibi yake ya kwake.

Vijana wangu, kadi ya kamera yangu ilikuwa na nafasi ya picha elfu na zaidi. Nilisimama nipige moja ya kumalizia. Bi Asha alikuwa ameinamia kioo, hana habari na mimi, uso umegeuka upande. Nilingoja mabega yake yashuke. Nikabonyeza mara moja, kidole gumba kikaenda kutafuta kimkono. Sikumwambia anitazame.